Kuuza Kitu Ambacho Bado Hakijawapo

Swali tunalolileta mbele yenu juma hili ni la kale kama biashara yenyewe, ingawa limevaa nguo mpya. Je, yafaa mtu auze kitu ambacho bado hakijawapo, apokee fedha leo na kutoa ahadi ya kesho?

Nguo mpya ndiyo hii. Mwaka 2012 mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, Chris Roberts, aliwaomba watu wa nchi nyingi wamchangie fedha kwa njia ya intaneti, ili atengeneze mchezo uitwao Star Citizen, ambamo mchezaji huendesha merikebu za kusafiri kati ya nyota. Mchezo uliahidiwa kwa mwaka 2014. Michango ya mwanzo ilipita dola milioni 6. Kufikia mwaka 2022 ilikuwa imepita dola milioni 500, na mchezo ulikuwa bado haujakamilika. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilitokana na kuuza merikebu hizo, zisizo na ubao wala msumari. Nyingine ziliuzwa zikiwa picha tu, kabla hazijaweza kurushwa hata ndani ya mchezo wenyewe. Mwaka 2018 fungu moja la merikebu hizo liliwekewa bei ya dola 27,000.

Msomaji wetu wa Kimamba, arudipo shambani na jembe begani, aweza kutucheka na kusema: "Yanihusu nini mimi merikebu za angani?" Twamjibu kwamba yamhusu sana. Kati ya Januari na Machi, ghala likiwa tupu na sare za watoto zikidaiwa, hutokea mfanyabiashara akanunua mahindi au mpunga ungali kijani shambani, kwa bei ambayo mwenye shamba asingeikubali wakati wa mavuno. Kule Kagera biashara ya namna hiyo katika kahawa ina jina lake, yaitwa butura. Serikali imeipiga marufuku, wala haijafa. Hapo pia kitu kinauzwa kabla hakijawapo. Basi swali ni moja, kwa tajiri wa ng'ambo na kwa mkulima wa Kilosa.

Wako wasemao kwamba kupokea fedha kabla ya kazi ni dhambi moja kwa moja. Sisi hatukubaliani nao, na shahidi wetu ni nchi hiyo hiyo ya Kimamba. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyosalimika. Mkonge ukishapandwa hukaa miaka mitatu hivi, au zaidi, kabla ya jani la kwanza kukatwa. Aliyelima mashamba kandokando ya reli ya Kilosa alihitaji fedha nyingi kabla ya kuona hata singa moja. Kama fedha isingetangulia kazi, mkonge usingalikuwapo. Kutanguliza fedha, basi, si dhambi kwa yenyewe.

Wanasheria wa Roma ya kale walilitazama jambo hili wakaweka tofauti ambayo ingali inatufaa. Mtu aweza kumwambia mvuvi, "Nakununulia yatakayotoka katika wavu wako utakapoutupa." Huyo amenunua tumaini, wavu ukirudi mtupu hana la kudai, kwa kuwa wote wawili walijua wanauziana nini. Mwingine hununua kitu kinachotarajiwa, yaani mavuno ya shamba fulani. Mavuno yasipotokea, bei nayo haipo. Biashara zote mbili ni halali. Uovu huanza pale mtu anapouza tumaini kwa jina la kitu: anapotoza bei ya samaki, kumbe alichokitoa ni kuutupa wavu tu.

Tukirudi kwenye merikebu za nyota, yatupasa kuwa wa haki. Watetezi wake husema kwamba wanunuzi ni watu wazima, fedha ni yao, hakuna aliyeshurutishwa, na kampuni imeonyesha kazi yake hadharani, hata sehemu za mchezo zimekwisha kuchezwa. Hayo ni kweli, wala sisi hatusemi kwamba huo ni wizi. Lakini twauliza: huyo mchangiaji ni nani? Si mwenye hisa, kwa maana faida ikipatikana hagawiwi. Si mnunuzi kamili, kwa maana hana kitu mkononi. Wala si mtoa sadaka, kwa maana aliahidiwa kitu. Amebeba hatari ya mwenye mali bila kupewa haki ya mwenye mali. Tena, fundi aliyekwisha kulipwa kwa ahadi, na ambaye ahadi mpya humletea fedha nyingi kuliko kuikamilisha ile ya zamani, amewekwa katika kishawishi kila asubuhi. Hatuihukumu mioyo ya watu; twasema tu kwamba mpango wenyewe wamvuta mtu mwema mahali pabaya.

Kwa mkulima wetu mambo yamegeuka. Huko ng'ambo muuzaji ndiye mwenye nguvu, na mnunuzi hutawaliwa na tamaa yake. Huku mnunuzi ndiye mwenye nguvu, na muuzaji hutawaliwa na njaa yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Muhtasari wake wa Teolojia, akizungumzia riba, alifundisha kwamba anunuaye kitu chini ya bei ya haki kwa sababu tu amelipa mapema, kabla ya kukabidhiwa, ametenda dhambi ya riba. Hakukataza kulipa mapema. Alikataza kumtoza maskini gharama ya kungoja. Afikirie hayo Mkristo anayezunguka vijijini na fedha mfukoni wakati wa njaa, kisha Jumapili akakaribia meza ya Bwana. Mkulima asiye na chakula amesema "ndiyo" kwa kinywa. Lakini "ndiyo" ya mwenye njaa si ridhaa kamili. Kwa sababu hiyo twaupenda mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekewa sheria mwaka 2005, kwa kuwa humo huuzwa mazao yaliyokwisha kupimwa na kuhifadhiwa. Lakini ghala halimsaidii mwenye njaa ya Februari. Huyo husaidiwa na chama cha akiba na mikopo kilicho hai, na ndugu wa jumuiya yake.

Tena tusisahau yaliyotupata wenyewe. Wengi wanaikumbuka DECI, ambamo watu waliambiwa "wapande" fedha na kisha "wavune". Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Hakukuwa na shamba wala mbegu. Serikali iliingilia kati mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Wakati huo wajane na wastaafu walikuwa wamekwisha kupoteza akiba zao. Hapo halikuuzwa hata tumaini. Liliuzwa jina la tumaini. Nalo neno la kupanda na kuvuna, tulilolipokea katika Injili, liligeuzwa chambo.

Hatuna budi kuitazama na nyumba yetu. Sisi nasi huchangisha. Kigango kinataka bati, parokia inataka nyumba ya watawa, na michoro mizuri hubandikwa mlangoni pa kanisa. Hiyo ni sadaka, si biashara. Lakini atoaye sadaka kwa ajili ya bati ana haki ya kuliona bati, au kuelezwa kwa nini halijaezekwa. Kamati isiyosoma hesabu mbele ya waamini haina kinywa cha kuwakemea wenye merikebu.

Basi mtu akijiwa na ahadi, iwe ya shamba, ya kiwanja, ya kuku au ya mchezo katika simu ya mwanawe, na ajiulize: Nauziwa kitu, ama tumaini? Kazi ikishindikana, hasara ni ya nani? Je, huyu atapata zaidi kwa kumaliza, ama kwa kuendelea kuahidi? Na ikiwa mimi ndiye mnunuzi, je, bei hii ningethubutu kuitaja mbele ya mwenzangu akiwa ameshiba? Wazazi wawafundishe watoto maswali haya mapema.

Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alisimulia habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama, asije akachekwa kwa kuacha msingi mtupu. Siku hizi kuna wajenzi wanaojenga kwa fedha za wengine, na kicheko huwaangukia waliochanga. Apokeaye fedha ya mwenzake kwa kazi ya kesho amepokea pamoja nayo jasho la mtu. Na ahesabu mara mbili: mara moja mbele ya mchangiaji wake, na mara ya pili mbele ya Mungu.