Je, Mkono Uepukao Moto Huulizwa?

Mtu ameshika kaa la moto pasi na kujua, akauvuta mkono kwa ghafula, kiko kikampiga usoni aliye nyuma yake, kikamng'oa jino. Je, ana lawama? Watu hudhani jambo hili ni jepesi, walakini kila apigaye mwenziwe hupenda kusema, "Mkono ulikwenda wenyewe." Basi yafaa tujue ni lini mkono huenda wenyewe.

Ndani ya uti wa mgongo umo ugwe wa fahamu. Mishipa iletayo hisi huuingia kwa nyuma, na ipelekayo mwendo hutoka kwa mbele. Mwaka 1822 François Magendie, tabibu wa Ufaransa, alikata mizizi ya nyuma ya watoto wa mbwa: kiungo kikakosa hisi, bali kikaweza kujongea. Khabari ya moto ifikapo katika ugwe hupokewa papo hapo na kupewa chembe za mwendo, na mkono huvutwa kabla ubongo haujajua maumivu.

Na njia hiyo hakuichimba mwenye mkono. Iliundwa angali tumboni mwa mamaye. Kwa upande wa mbele ugwe hupata maji ya namna fulani yatokayo nje yake, na kwa kadiri ya wingi wake chembe hugeuka kuwa za mwendo. Chembe za hisi hukaa nje, hupeleka nyuzi ndani, na ncha ya kila uzi hupapasa, huku ikivutwa na huku ikifukuzwa, mpaka ifike mahali pake. Ikiisha kufungwa, ni shida kuigeuza. Mwaka 1943 Roger Sperry wa Marekani alieleza alivyohamisha mishipa ya hisi ya mguu mmoja wa panya akaiunga katika mguu wa pili. Mguu wa pili ulipoumizwa, panya aliinua ule wa kwanza, wala hakujirekebisha. Masikini! Nani atamwita mkaidi?

Basi mwenye kaa hana dhambi. Ama kulipa jino ni hukumu nyingine, kwani hasara haingoji nia.

Lakini mwenye hasira asifurahi. Ubongo nao huteremsha nyuzi katika ugwe, zenye kuuzuia: mwanamke aliyebeba chungu cha moto haachi kianguke, kwa kuwa mtoto yu miguuni pake. Na aliyetukanwa alisikia neno, akalifahamu, akalichagua shavu. Ugwe wa mgongo haufahamu maneno. Hata yule wa kaa, kama alipiga mara ya pili, ataulizwa kwa hiyo ya pili.