Chaja ya Laptopu na Hukumu ya Kununua Kilichofunikwa

Kuchagua chaja inayoifaa laptopu kunahitaji maarifa ya namna mbili. Yapo ambayo mnunuzi huyapata mwenyewe kwa macho: tarakimu zilizochapishwa, umbo la kichwa cha waya, aina ya plagi. Na yapo yaliyofichwa ndani ya ganda la plastiki lililogundishwa, ambayo hakuna jicho linaloyafikia mpaka ganda livunjwe. Swali la kidini na la kifalsafa linatokana na haya ya pili. Mtu anayelazimika kuchagua asichoweza kukiona anawajibika kwa kiasi gani, na wajibu wake unapokoma, unaanza wa nani?

Kipevu, upande wa Changamwe, ni mahali panapolipa swali hili uzito. Huko umeme huzalishwa kwa mitambo ya mafuta, ukiwemo mtambo wa Kipevu III wa KenGen, wenye uwezo wa megawati 120, ulioanza kazi mwaka 2011. Huko huko, katika kituo cha pili cha makasha cha bandari ya Mombasa, ambacho awamu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 2016, hushushwa bidhaa kutoka China, Dubai na kwingineko. Umeme na vifaa vya kuutumia hupitia ufuo mmoja kabla ya kukutana kwenye soketi ya chumba cha mwanafunzi au ofisi ya wakala wa forodha.

Ya macho ndiyo mepesi, na mnunuzi hana udhuru wa kuyaacha. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50. Chaja nyingi za laptopu huandikwa kwamba zinapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo iliyonunuliwa Marekani au Muscat hufanya kazi Mombasa bila kibadilisha volti. Kinachotofautiana ni plagi. Ya Kenya ina pini tatu za mstatili na fyuzi ndani yake, kama ya Uingereza; ya nchi nyingi za Ulaya ina pini mbili za mviringo. Kuna mazoea ya kusukuma kalamu katika tundu la juu la soketi ili vifuniko vya matundu ya chini vifunguke na pini mbili ziingie. Mazoea hayo ni ya hatari: pini hulegea, mgusano hupata joto, na chaja inayohitaji waya wa ardhi huukosa. Tiba yake ni rahisi, kwa kuwa kwenye chaja nyingi waya wa ukutani huchomoka, na mtu huweza kununua waya huo peke yake wenye plagi ya Kenya badala ya kununua chaja nzima.

Upande wa laptopu, volti za chaja ziwe zile zilizoandikwa chini ya mashine, mara nyingi 19, 19.5 au 20. Ampea ziwe zile zile au zaidi. Zikizidi hazidhuru, maana laptopu huvuta kiasi inachohitaji tu. Zikipungua, chaja huchemka au betri haijai. Volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana wati: volti 19.5 kwa ampea 3.34 ni kama wati 65, na kwa ampea 4.62 ni kama wati 90. Penye kichwa cha mviringo, kipenyo cha nje na cha ndani lazima vilingane, na mchoro mdogo wa chanya na hasi ulingane pia. Laptopu kadhaa za Dell na HP huitambua chaja kupitia pini nyembamba ya katikati, na zisipoitambua hukataa kuijaza betri hata kama tarakimu zote ni sawa.

Kichwa cha USB-C kimeubadilisha mchezo. Zamani umbo lenyewe lilikuwa onyo, kwa sababu kichwa kisichofaa kwa kawaida hakikuingia. Sasa kila kichwa huingia kila tundu, na kuingia hakuthibitishi kwamba kinafaa. Chaja ya namna hii huanza kwa volti 5, kisha huafikiana na laptopu kama itapanda hadi 9, 15 au 20. Tangu mwaka 2021 kanuni za USB zinaruhusu hadi wati 240. Waya nao una kikomo chake. Wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, na kuvuka hapo kunahitaji waya wenye chipu inayoitangazia chaja kwamba unamudu ampea 5. Ndiyo maana chaja nzuri ya wati 100 ikiunganishwa na waya wa simu hutoa nguvu ya waya. Umoja wa Ulaya umeifanya USB-C kuwa ya lazima kwa simu mpya tangu Desemba 2024, na kwa laptopu kuanzia Aprili 2026, na bidhaa zinazotengenezwa kwa ajili ya soko hilo hufika Mombasa pia.

Hapo macho hukoma. Ndani ya ganda, umeme wa ukutani hugeuzwa kwanza kuwa umeme wa aina ya betri wenye takriban volti 340, kisha hushushwa kupitia transfoma hadi volti 20 ambazo mtu anaweza kuzigusa. Kati ya upande wa volti 340 na upande unaoingia kwenye laptopu, na kwa hiyo kwenye mikono na mapaja ya mtu, kuna nafasi ya milimita kadhaa na tabaka za kuhami. Mtengenezaji anayetaka kupunguza gharama hupunguza hapo: nafasi hubanwa, tabaka hupunguzwa, kinga dhidi ya joto huondolewa. Chaja hiyo huweza kufanya kazi vizuri kwa miezi. Siku kizuizi kikishindwa, umeme wa ukutani hufika kwenye mwili wa laptopu. Hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi haisaidii.

Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani, walilijadili tatizo la kununua kisichoonekana karne nyingi kabla ya umeme. Katika Minhaj al-Talibin, kitabu kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi wa pwani hii, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anashikilia kwamba kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Kisha anaeleza ni kuona kwa namna gani kunatosha. Kuona sehemu kunatosha ikiwa sehemu hiyo inajulisha hali ya iliyobaki, kama nafaka ya aina moja. Kunatosha pia ikiwa kinachoonekana ni kifuniko cha asili kinachohifadhi kilichomo, kama ganda la yai au la komamanga.

Je, ganda la chaja linaingia katika hukumu ya ganda la yai? Kwa sura, ndiyo. Yote mawili hulinda kilichomo, na kulivunja ili kukagua ni kukiharibu chenyewe. Lakini Nawawi aliweka sharti kwamba kifuniko kiwe cha maumbile, na sharti hilo lina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ganda la yai halikutengenezwa na mwenye faida katika kuficha. La chaja limeumbwa na mtu, limechapishwa na mtu, na huenda mtu huyo ana sababu ya kulifanya lionekane kama la mwingine. Kwa hiyo kuliona ganda la chaja si kuiona chaja.

Mlango uliobaki ni ule wa nafaka. Chaja hutengenezwa kwa maelfu kwa mfano mmoja. Anayeipasua moja na kuipima amezijua nyingine, madhali kweli ni za aina moja. Hivyo ndivyo vyombo vya viwango vinavyofanya kazi. Tangu mwaka 2005, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, limekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Alama ya ubora juu ya ganda ni kauli ya shahidi: fulani amefungua mfano wa hii kwa niaba yako. Mnunuzi wa Changamwe anayeiamini alama hiyo hatendi kijinga. Anapokea ushahidi, kama anavyoupokea kuhusu dawa anayomeza au maji ya mfereji.

Ndiyo sababu kughushi alama ni kosa zito kuliko kutengeneza chaja mbovu. Mwenye kutengeneza kibovu ameharibu bidhaa yake. Mwenye kughushi alama ameharibu ushahidi wa wote. Wati 65 zilizochapishwa juu ya chaja isiyofikisha wati 40 ni mizani ya uongo kwa maana kamili ya maandiko. Sura ya 83 ya Kurani imebeba jina la wapunjao vipimo, na kitabu cha Mambo ya Walawi kinaagiza mizani na vipimo vya haki. Muislamu na Mkristo wa Changamwe wanakutana hapa bila kutafutiana tafsiri.

Husemwa sana kwamba rahisi ni ghali, na methali hiyo hutumika kumlaumu aliyenunua chaja ya bei ya chini. Lawama hiyo imeelekezwa kusiko. Bei haifungui ganda, na bandia huuzwa kwa bei ya halisi pia. Aliyelinganisha volti, ampea, kichwa na waya, akatafuta alama na akataja kwa muuzaji aina ya laptopu yake, ametimiza sehemu yake. Sheria ya Kenya inakubaliana na hili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kupewa maelezo, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inachukulia kwamba muuzaji wa bidhaa za aina hiyo aliyeelezwa matumizi, na mnunuzi akategemea ujuzi wake, amedhamini kwamba kitu kitafaa.

Kwa upande wa dini, kesi ya namna hii haifiki kwa kadhi, maana mamlaka ya mahakama za kadhi yanahusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Inabaki kuwa deni la dhamiri, na wajibu wa kubainisha kasoro ya bidhaa uko palepale. Mapokeo yanasimulia jinsi Mtume alivyoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, na kumkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone.

Muuzaji huweza kusema kwamba naye hakulifungua ganda, kwamba alinunua katoni kama ilivyo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kulijibu hili katika kitabu chake Ihya, alipozungumzia sarafu bandia. Kwake, mfanyabiashara analazimika kujifunza kuzitambua sarafu, ili asije akampitishia mwenzake iliyo bandia bila kujua. Kutojua kwa mwenye kazi hiyo ni uzembe. Na sarafu bandia, anaeleza, ni mbaya kuliko wizi wa sarafu nyingi, kwa sababu wizi hutendeka mara moja ukaisha, ilhali bandia huendelea kudhuru kila inapobadilisha mikono. Muuza chaja hawezi kudai wepesi kuliko mfanyabiashara huyo: kujua ni nani aliyemletea katoni, kupima volti kwa mita, kukataa shehena isiyo na nyaraka, haya ni sehemu ya kazi yake.

Hukumu hiyo inamgusa mnunuzi pia pale chaja inapomharibikia. Ghazali alishauri kwamba aliyepewa sarafu bandia aitumbukize kisimani kuliko kuipitisha kwa mwingine. Chaja inayochemka kupita kiasi au inayorusha umeme ina hukumu hiyo hiyo: kuiuza kama mtumba, au kumpa ndugu bila kumweleza, ni kuendeleza madhara. Kisima hakifai, kwa kuwa vifaa vya umeme huachia risasi na kemikali ardhini. Waya ukatwe ili isirudi sokoni, kisha ikabidhiwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Anayemuuzia fundi kama mabaki, kwa ajili ya shaba na vipuri, huku ameitaja kasoro yake, hana dhima kwa mtu.