Je, Mgonjwa Hukubali Bei kwa Hiari?

Husemwa kwamba bei ni mapatano ya watu wawili, na penye hiari hapana dhuluma. Neno hilo ni kweli kwa kanga na kwa baiskeli, kwani asiyeridhika huenda duka la pili, au hungoja mwezi ujao. Bali mama wa Pangani ya Kibaha, mwenye mtoto anayewaka homa usiku, ataweza kungoja nini? Dawa ikikosekana zahanati, huenda dukani. Akitajiwa bei hulipa, au hukopa, na pengine hununua nusu ya dozi. Na nusu ya dozi huweza kuviacha vijidudu vikawa sugu. Je, huyu naye tuseme amepatana?

Wako wanaoitetea bei huria kwa Hadithi. Ni kweli kwamba vitu vilipopanda bei Madina, watu walimwomba Mtume Mtukufu s.a.w. aweke bei, naye akakataa, akihofia kukutana na Mola wake hali yuko mtu anayemdai dhuluma. Lakini tuitazame sababu yenyewe. Kilichohofiwa ni dhuluma. Basi ikiwa dhuluma iko upande wa muuzaji, hoja hugeuka. Ndivyo alivyoona Ibn Taymiyya: wenye kitu ambacho watu wana dharura nacho wakikataa kukiuza ila kwa bei ya kupita kiasi, mtawala aweza kuwalazimisha wauze kwa thamani ya haki.

Hata hivyo, thamani ya haki ni ipi? Tanzania ilianza uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali mwaka 1993, na mwaka huohuo ikaundwa Bohari ya Dawa ili inunue kwa wingi. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia bei mpya, hospitali za binafsi zilisema bei hizo hazitoshi, na baadhi yake zikasitisha kuwahudumia wanachama. Tusiharakishe kuwaita wenye hospitali wachoyo. Bei isiyofikia gharama huacha rafu tupu, na rafu tupu nayo humdhulumu mgonjwa. Kosa lilikuwa wakati: ugomvi wa wenye afya uliamuliwa mbele ya wagonjwa, kadi zikiwa mikononi mwao.

Nasi wananchi tujitazame. Tukiwa wazima twauita mchango wa bima mzigo. Tukiugua twaiita bei ya dawa wizi. Rai zote mbili hutoka kinywa kimoja! Mimi naona ile ya mzima ndiyo yenye kupimwa sana, kwani yeye bado ana uwezo wa kukataa na kujadiliana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 yataka mchango utolewe kabla ya ugonjwa, nami naiona ni njia ya haki. Lakini asiye na uwezo atatambuliwaje? Akitakiwa asimame mkutanoni kijijini athibitishe ufukara wake, wengi wenye staha watanyamaza, na usiku wa homa watakwenda tena dukani kuulizia nusu ya dozi.