Kusema Pau, Kumaanisha Kopa

Kuna swali vijana wa kikundi chetu wanalibishania wiki ya pili sasa, nimeona nililete hapa na nyinyi wasomaji mlibebe kidogo. Neno ambalo halimaanishi kile linachosema, je, ni uongo?

Limetoka kwenye karata. Si lasti kadi, ni briji: watu wanne, mwenzi wako anakaa mbele yako, kila mtu karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada, mnashindana kuahidi mtakula mizunguko mingapi na turufu itakuwa ipi. Nguvu inahesabiwa hivi: ree pointi 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Pakiti nzima ni 40.

Sasa mpinzani anafungua na kusema "moja bila turufu". Kwa wachezaji wengi maana yake ana pointi 15 hadi 17, na karata zake zimegawanyika karibu sawasawa. Kwa maneno matatu ameshamweleza mwenzi wake karibu kila kitu, na wewe umebaki na vipointi vyako 10. Ukinyamaza, wanaendelea kuelewana wao. Hapo ndipo watu walibuni mipango ya kujihami. Ule wa Mmarekani Alvin Landy ndio rahisi: unasema "mbili pau" na huenda pau huna hata moja. Maana yake, "Mwenzangu, nina kopa nyingi na shupaza nyingi, chagua." Kwenye mpango wa Marty Bergen hata "dabo", ambayo kawaida ni tishio kwamba wapinzani watashindwa, inageuka kuwa "nina aina moja tu ndefu, nipe nafasi nikuonyeshe."

"Uongo mtupu huo," kijana mmoja akasema. Mwingine akaongeza kwamba ni kukonyezana tu, ila kwa heshima.

Mimi nakataa. Sheria ya briji hairuhusu mapatano ya siri. Mpinzani akitaka kujua "mbili pau" ni nini anauliza, na anayejibu si yule aliyesema, ni mwenzi wake. (Hiyo niliipenda sana. Angejibu mwenyewe, angekuwa anamkumbusha mwenzake mbele ya watu.)

Mwaka 1965 kule Buenos Aires, kwenye mashindano ya dunia, Waingereza wawili, Terence Reese na Boris Schapiro, walishtakiwa kwamba vidole walivyoshikia karata vilikuwa vinahesabu kopa. Walikana. Shirikisho la dunia likawaona na hatia, uchunguzi wa kwao Uingereza mwaka uliofuata ukaona ushahidi hautoshi. Kesi yao siwezi kuamua mimi. Ila angalieni shtaka lenyewe. Vidole vile, kama vilisema, vilisema kweli: kopa tatu ni kopa tatu. Na bado huo ungekuwa wizi. Mtu wa Landy anasema pau hana pau, na ni halali. Kumbe kinachopimwa si neno kufanana na kitu. Kinachopimwa ni nani ameruhusiwa kujua maana.

Sisi wenyewe tuna Landy yetu. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Halafu ndiyo unasikia: ila mtoto ana homa siku ya tatu, ila unga umeisha. Ile "nzuri" hakuna aliyemdanganya mwenzake nayo, ni mlango tu. Lakini mgeni mwenye fomu mkononi anaandika "nzuri", anashukuru, anaenda nyumba ya pili. Mama hakusema uongo, na fomu imejaa uongo. Na upande wa pili ni hivyo hivyo: mtu anaambiwa kesi yake "inashughulikiwa", na neno hilo ofisini lina maana yake kamili, yeye analala nalo miezi akidhani ni ahadi.

Wafanyakazi wa mashirika mtasema, si angeuliza? Hapo ndipo hata briji inanitatiza. Ili uulize, lazima ujue kwamba kuna kitu cha kuulizwa. Anayeanza mchezo akisikia "mbili pau" anaamini ni pau. Ndiyo maana kwenye mashindano wenzi wanaandika mapatano yao kwenye karatasi inayokaa wazi, na kwa miito ya ajabu mwenzi anatakiwa atoe tahadhari bila kungoja kuulizwa. Mzigo wameubebesha anayejua. Naona ni haki, ingawa inachosha.

Binti mmoja wa kikundi hakuridhika. Kama kila kitu kinaelezwa, akaniuliza, faida iko wapi? Swali zuri, na gharama ni ya kweli: ukisema Landy, hata mpinzani amejua kopa na shupaza ziko kwako, na akipata yeye kucheza atakukwepa vizuri. Nilimpa karata 13, shupaza tano na kopa tano ndani, nikamwambia achague mwenyewe: anyamaze, au aseme wote wasikie. Alikaa nazo muda mrefu. Akasema mbili pau, na mwenzi wake akawaeleza wapinzani kabla hawajauliza.