Uwakala wa Mwenye Simu
Katika tafiti zinazofanywa kwa simu, desturi ya wanatakwimu ni kwamba mkulima mwenye simu, tuseme wa kata ya Makandana, huongezewa uzito hata akahesabiwa badala ya jirani zake wasio nayo, kana kwamba wamempa uwakala; lakini ni nani aliyempa? Hesabu hudhani kuwa fukara mwenye simu huwaza sawasawa na fukara asiye nayo, na dhana hiyo, ijapokuwa ina manufaa, si shahada. Ndiyo maana naona insafu zaidi katika kitendo cha watu wa shirika la Twaweza, ambao mwaka 2013, walipoanzisha utafiti wao wa simu, Sauti za Wananchi, waliwagawia wahojiwa simu pamoja na chaja za mwanga wa jua. Hata hivyo, utafiti wenyewe uliishia Tanzania Bara, na Mpemba hakuulizwa.