Israfu ya Umeme Misikitini na Majumbani

Ndugu zetu Waislamu, yapo mambo ambayo watu huyaona madogo, na ilhali mbele ya Mwenyezi Mungu huenda si madogo. Miongoni mwayo ni umeme wa misikiti. Husaliwa Isha, watu wakaenda zao, milango ikafungwa. Na ndani mapanka yazunguka na taa zawaka mpaka Alfajiri. Zamwakia nani?

Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafi walikwisha kulieleza jambo hili zamani, taa zilipokuwa za mafuta. Walisema kwamba msikiti ukifungwa na hapana wa kunufaika na mwangaza, mafuta ya waqfu hayawashwi, kwani huko ni kuipoteza mali. Hukumu haikugeuka kwa kuwa mafuta yamegeuka umeme. Mwenye kuweka waqfu duka lake hakukusudia pato lake lipepee mikeka mitupu. Na mutawalli ni mwenye amana. Asidhani kwamba kwa kuwa halipi kwa mfuko wake hataulizwa.

Maji nayo ni vivyo hivyo, maana hupandishwa tangini kwa pampu ya umeme. Imethubutu kwamba Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudd moja, kiasi cha kujaza viganja viwili vya mtu wa kadiri. Sisi twafungua bomba mpaka mwisho, na huku twazungumza habari za mpira!

Majumbani twaona ajabu zaidi. Wazee wetu wa Lamu walijenga kwa matumbawe na chokaa, kuta nene zisizopitisha upesi joto la mchana. Wakafanya vichochoro vyembamba ili nyumba moja iipe nyingine kivuli, na ndani wakaacha ua wa wazi, hewa ya moto ipate kupanda na kutoka. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huo katika urithi wa dunia. Wageni wausifu, nasi huku Mombasa twabomoa nyumba kama hizo, twajenga kuta nyembamba na vioo vikubwa vilivyolekea jua la magharibi, kisha twanunua viyoyozi vya kupoza joto tulilolinunua wenyewe. Asiseme mtu kwamba tumeharimisha saruji. Twasema fundi aulizwe kwanza kusi na kaskazi zaingilia wapi.

Tena jambo hili si la bili peke yake. Ilipokusudiwa kujengwa Lamu mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wenyeji walishitaki, na mwezi wa Juni 2019 baraza la rufani za mazingira likaifuta leseni yake kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walifanya vyema. Lakini mwenye kukataa moshi mlangoni pake, kisha akawasha taa bure usiku kucha, hoja yake ina ufa.

Kwa hivyo twaziomba kamati za misikiti ziibandike bili ya kila mwezi karibu na saa za swala, jamaa waione. Na kabla ya kuchangisha kiyoyozi kipya, yafunguliwe kwanza yale madirisha yaliyozibwa kwa mbao.