Kula Jasho la Mtoto na Kuionea Haya Kazi Yake



Liko swali moja ambalo nimelichukua moyoni miaka minne, wala sikuthubutu kumwuliza mtu, kwa kuwa nilijua ya kwamba jibu lake litanihukumu mimi mwenyewe kwanza. Swali ni hili: Je, yafaa mzazi apokee mapato ya kazi ya mtoto wake, naye huku anaionea haya kazi ile ile? Mwaka huu nimepata jibu, nami naona si vema kulificha, maana wazazi walio kama mimi si wachache katika sharika zetu.

Mwanangu wa tatu ni mcheza sarakasi. Tangu utoto wake alikuwa akipinduka hewani huko machungani, nami nikimchapa kwa kupoteza wakati. Alipomaliza shule hakutaka ualimu wala ukarani. Akashuka Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, akajifunza huko. Elimu hiyo haikuanza jana katika nchi yetu: katika miaka ya 1960 vijana wa Tanzania walipelekwa China wajifunze sarakasi, nao waliporudi wakawafundisha wengine. Lakini mimi sikuyajali hayo. Kwangu sarakasi ilikuwa mchezo wa kijana aliyekimbia jembe.

Ikawa miaka minne iliyopita akapata kazi katika hoteli moja ya kisiwa cha Morisi, ambacho wengine hukiita Mauritius. Tangu hapo hutuma fedha kila mwezi. Kwa fedha hiyo tumeezeka nyumba mabati mapya, na mdogo wake amelipiwa karo. Na katika sikukuu ya mavuno nalitoa sadaka ambayo hesabu yake ilisomwa mbele ya usharika, watu wakanisifu. Walakini wazee wenzangu waliponiuliza, "Mwanao hufanya kazi gani?" nalijibu, "Yuko ng'ambo, katika hoteli." Neno hilo halikuwa uongo, lakini nalilisema ili lifanye kazi ya uongo. Walidhani ni karani au mpishi, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Wazee wetu husema, Mcheza kwao hutunzwa. Nalijua mithali hiyo tangu utoto, nami sikuiona ikininyoshea kidole. Mwanangu alicheza kwao, asipate tunzo ila fimbo. Ndipo akaenda kucheza kwa watu.

Mwaka huu ikaja barua. Aliandika hivi: "Baba, shikamoo. Umeila kazi yangu miaka minne, wala hujaiona hata siku moja. Tiketi yako ndiyo hii. Njoo uione. Ukiisha kuiona, sema utakalo, nami nitasikia." Nikakasirika sana, nikasema, Mtoto huyu amekosa adabu. Lakini usiku ule sikulala, maana sikuona neno hata moja katika barua ile ambalo si kweli. Nikakumbuka habari za Yakobo, jinsi alivyosafiri mpaka Misri, naye ni mzee wa miaka 130, ili amwone Yusufu kabla hajafa. Naye Yusufu alikuwa akimtumikia mfalme asiyemjua Mungu. Yakobo hakusema, Kwanza aiache kazi ile, ndipo nitakapokwenda. Basi nikakubali.

Nikapanda ndege hata Nairobi, na kutoka Nairobi hata Morisi ni safari ya saa nne hivi juu ya bahari. Kisiwa chenyewe ni kikubwa kidogo kuliko Unguja, kina milima yenye vilele vikali na mashamba ya miwa yasiyo na mwisho machoni. Wenyeji wengi ni wazao wa watu waliotoka Bara Hindi kulima miwa hiyo, na wengine ni wazao wa watumwa waliotoka Afrika na Bukini. Nao husema Kikrioli, lugha iliyozaliwa huko huko.

Jambo moja nalilisikia huko likanichoma, kwa sababu lahusu pwani yetu. Zamani kisiwa hicho kilipokuwa cha Wafaransa, mfanya biashara mmoja Mfaransa alifika Kilwa, na mwaka 1776 akapatana na Sultani wa huko apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Basi wako watu wa nchi yetu waliovuka bahari ile ile niliyovuka mimi, lakini wao walivuka wamefungwa minyororo. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1835. Kusini magharibi mwa kisiwa uko mlima uitwao Le Morne, ambao watumwa waliotoroka walikimbilia juu yake, na tangu mwaka 2008 umeandikwa na UNESCO kuwa mahali pa kutunzwa kwa ajili ya ulimwengu wote. Na hao watumwa, mchana wakiisha kuchoka mashambani, usiku walikota moto, wakaipasha ngoma ya ngozi ya mbuzi, wakaimba na kucheza. Ngoma hiyo yaitwa sega. Zamani watu wa cheo waliidharau, na leo ndiyo fahari ya kisiwa kizima.

Niliposikia hayo nikamwuliza mwanangu neno la kwanza, nalo halikuwa juu ya sarakasi. Nikamwuliza, "Hati yako ya kusafiria iko wapi? Ni wewe unayeiweka, au bwana wako?" Akafungua sanduku lake akanionyesha. Nikauliza tena, "Je, mapatano yako yakiisha, waweza kuondoka?" Akasema, "Naweza, Baba." Nikaona nimepumua. Lakini nikajihukumu nafsini mwangu: Miaka minne nimepokea fedha yake, wala sijamwuliza kama yu huru! Niliona haya juu ya mchezo, nisiwe na hofu juu ya mtoto.

Asubuhi alinichukua niwaone wakifanya mazoezi. Wako vijana watano, nao hupanga chumba kimoja na kupika chungu kimoja. Kwa saa tatu walirudia jambo moja tu, kusimama mmoja juu ya mwingine mabegani, na kushuka bila kuumia. Mmoja alianguka, akaamka, akafunga kifundo cha mkono kwa kitambaa, akapanda tena. Nikatazama ni nani asimamaye chini, awabebaye wote. Naye ni mwanangu. Mabega yake yana sugu kama mikono ya mkulima. Usiku wenzake humchua kwa dawa, ndipo apate usingizi. Mimi nalisema amekimbia jembe!

Jioni nikaketi nyuma, katika chumba kikubwa walipokula wageni. Wasomaji wapenzi, sitawaficha neno. Wengine walitazama na kushangilia. Mtoto mdogo mmoja alisahau kijiko mkononi. Lakini wengine hawakuinua macho katika sahani zao. Na vijana wetu walikuwa wamevikwa vitambaa vyenye madoa ya chui, naye msemaji akawatangaza kuwa ni mashujaa waliotoka mwituni. Nikasema moyoni, Huyu amebatizwa, na kupokea kipaimara, na kusoma shule. Mwitu gani huo?

Usiku nikamwambia, "Mwanangu, kazi yenu nimeiona, ni kazi ngumu na safi. Lakini nguo ile na maneno yale ni uongo juu ya watu wa kwenu." Akanyamaza, kisha akasema, "Baba, hata mimi hunichoma. Lakini nimwambie nani? Nyumbani nikisema habari za kazi yangu, hamtaki kusikia. Hapa nikisema, nitaambiwa wako wengine wanaoitaka." Sikuwa na la kujibu. Nikaona ya kwamba neno langu la kweli juu ya nguo ile limechelewa miaka minne. Mzazi asiyetaka kuijua kazi ya mtoto wake hawezi kumsaidia mahali kazi hiyo inapomwumiza. Tukaomba pamoja, naye akaazimu kusema na mkubwa wake, kwa adabu, yeye pamoja na wenzake wote, ili watangazwe kwa majina yao na kwa nchi yao.

Basi nirudie swali langu. Pengine mtu atasema, "Wewe umependezwa na safari, sasa wataka tubariki kila kazi iletayo fedha." Sivyo. Ziko kazi ambazo Mkristo hawezi kuzifanya wala kula matunda yake: kazi ya kumwibia jirani, ya kumlevya, ya kuuza mwili wa mtu. Mtoto akifanya kazi ya namna hiyo, mzazi yampasa aikatae kazi na fedha yake pia. Lakini mimi sikufanya hivyo, wala wengi wetu hatufanyi hivyo. Sisi twaikubali fedha na kuikataa kazi. Twakatisha mambo nusu kwa nusu, na ile nusu tuliyoikataa ndiyo mtoto mwenyewe. Ikiwa kazi ni mbaya, sadaka yangu ya mavuno ilikuwa mbaya. Ikiwa sadaka ilikuwa njema, mbona naliificha kazi iliyoizaa?

Baba yetu Martin Luther alifundisha ya kwamba kila kazi ya halali imtumikiayo jirani ni wito kutoka kwa Mungu, wala kasisi hana kazi takatifu kuliko mshona viatu. Sisi Walutheri tumelisoma neno hilo katika mafundisho yetu. Lakini tumelipima kwa kipimo chetu wenyewe, tukasema: mwalimu ana wito, mganga ana wito, seremala ana wito, mcheza hana. Je, kumfurahisha mtu aliyechoka, na kumwonyesha mtoto mdogo nguvu na umoja wa mwili aliouumba Mungu, si utumishi? Daudi alipocheza mbele ya sanduku la Bwana, Mikali alimtazama dirishani, akamdharau moyoni. Naona kosa lake halikuwa kutazama, bali kutazama toka mbali, asishuke. Hata mimi nalikuwa dirishani.

Tena iko habari ya Luther na baba yake, nayo yatufaa wazazi. Mzee Hans alitaka mwanawe awe mwanasheria, akatoa mali yake kwa elimu hiyo. Mwaka 1505 Martin akaiacha, akaingia nyumba ya watawa huko Erfurt, baba yake akakasirika sana. Lakini mwaka 1507 Martin alipoadhimisha misa yake ya kwanza, mzee yule alifunga safari akaenda, pamoja na rafiki zake, akatoa na zawadi ya fedha. Na walipoketi mezani, akamwambia mwanawe mbele ya watu wote ya kwamba amesahau amri ya kuwaheshimu wazazi. Neno lile halikumtoka Martin. Mwaka 1521 alipoandika kitabu juu ya nadhiri za watawa, alimwekea baba yake waraka mwanzoni mwake, akakiri jinsi neno lile lilivyoingia moyoni mwake. Basi tuone: Hans hakuipenda kazi ya mwanawe, wala hakulificha jambo hilo. Lakini alikwenda, aliketi mezani pamoja naye, alisema wazi. Kwa hiyo neno lake lilikaa miaka 14 lisife. Mzazi anung'unikaye nyumbani hana neno la namna hiyo.

Kwa sababu hiyo nasema, mzazi kabla hajaihukumu kazi ya mtoto wake aende akaione, na kama hawezi kwenda, basi aulize kwa moyo wa kutaka kujua. Na aulize haya: Je, kazi hii yamdhuru jirani? Je, mtoto wangu yu huru ndani yake? Je, inamlazimisha kusema uongo? Je, inamwachia nafasi ya kumwomba Mungu wake? Akiisha kupata majibu, aseme kweli mbele ya mtoto kwanza, kisha mbele ya watu. Kama ni kazi ya kukataa, aikatae pamoja na mabati yake na karo yake. Kama ni kazi ya kubariki, aibariki kwa sauti, asimwache mtoto ahesabiwe mali bila kuhesabiwa mwana.

Usiku wa mwisho vijana walipomaliza kucheza, niliondoka kitini pangu, nikapita katikati ya meza za wageni hata mbele, nikamtia mwanangu mkononi noti ya shilingi 10,000, kama tufanyavyo kwetu kumtunza mchezaji. Fedha hiyo haina kazi Morisi, maana huko hutumia rupia. Mwanangu akaitazama, akacheka, kisha akageuza uso akajifuta kwa kile kitambaa chenye madoa ya chui.

Niliporudi, katika mkutano wa wazee wa kanisa niliomba ruhusa ya kusema. Nikasema, "Ndugu zangu, mwanangu si karani wala mpishi. Ni mcheza sarakasi, na mabati yangu na sadaka yangu ya mavuno vilitoka mabegani mwake." Wengine walinyamaza. Lakini mkutano ulipokwisha, mzee mmoja alinifuata njiani, akaniuliza kwa sauti ndogo nauli ya kwenda Mombasa ni kiasi gani, maana binti yake huimba huko katika bendi, naye hajamwona miaka sita.

Bwana atujalie sisi wazazi macho ya kuona, na ujasiri wa kusema kweli tuliyoiona.